Posa yangu ilivyokwama Kasese: wageni walimaliza sahani kumi na saba za Kichina wakasema hawajala

Wakuu, habari za humu ndani. Nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu, nafaidi nyuzi za wenzangu bila kuchangia hata nukta. Leo zamu yangu.

Ninayosimulia yamenipata mimi mwenyewe, si jirani wala rafiki wa rafiki. Nikiongeza chumvi ni ile ya kiasi tu, kwa sababu mimi ni mpishi na najua chumvi ikizidi kinachotokea.

Niiteni Biira. Kwetu ni Kasese, Uganda magharibi, chini ya milima ya Rwenzori. Kiswahili changu nimekiokota sehemu mbili: jikoni kwa baba yangu, na Arusha nilikopika hotelini miaka minne. Mkiona kimekaa upande mnivumilie.

Sasa twende.

Sisi ni Bakonzo halisi, asili yetu Bwesumbu huko mlimani, na familia yetu ina mgahawa wa Kichina.

Najua umerudia kusoma hiyo sentensi. Rudia tena, haitabadilika.

Baba alikuwa mpishi jeshini. Alipotoka huko akapata kazi kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wanajenga barabara, akawa msaidizi wa mpishi wao, mzee mmoja anaitwa Chen. Chen hakujua Kiingereza wala Kikonzo. Baba hakujua Kichina. Alichokuwa nacho baba ni Kiswahili cha kambini, basi akamfundisha Chen hicho hicho, na Chen akamfundisha baba kupika kwa hicho hicho.

Matokeo yake, jikoni kwetu mapishi ya Kichina yanaendeshwa kwa amri za gwaride.

"Kitunguu, mbele! Tangawizi, subiri amri! Samaki, nyuma geuka! Wewe, moto juu, mbio!"

Mimi ni chef wa chakula cha Kichina na sijui jina la chakula hata kimoja kwa Kichina. Baba naye hajui. Vyakula vyetu vina namba, kuanzia moja hadi arobaini. Namba saba ni tambi na kuku. Namba kumi na tisa ni samaki wa ziwani Kahendero kwa sosi ya siki na sukari. Mji mzima unaagiza kwa namba, na baba wanamwita Afande.

Barabara ilipokwisha Chen akarudi kwao, akamwachia baba makarai mawili makubwa ya chuma. Baba akafungua mgahawa. Nilikuwa na miaka sita.

Kabla sijaendelea, niwape moja ya utotoni mjue nimetoka wapi.

Chen alikuwa anapika mguu wa kushoto ameuweka juu ya ndoo. Baba akaona hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Mimi na dada yangu Masika tukafundishwa kupika mguu wa kushoto ukiwa juu ya jerikeni, na ukiushusha unarudishwa kwa amri. Nilipika hivyo miaka mingi sana. Nilipofika Arusha mpishi mkuu akaniangalia siku tatu, siku ya nne akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama nina jipu.

Nikampigia baba simu. Akasema, "Sasa ukiuliza hivyo... Chen aliwahi kuangukiwa na jiwe kwenye kidole gumba."

Akafikiri tena. "Lakini chakula kilikuwa kitamu. Rudisha mguu."

Nyumbani tulikula hata maharage kwa vijiti, punje moja moja. Tulikuwa watoto wembamba kuliko wote mtaani, na baba yetu ana mgahawa. Walimu walimwita mama shuleni mara mbili kumuuliza kuna nini.

Haya, sasa niwaeleze kitu kinaitwa bundu, maana bila hicho hamtaelewa kilichonipata.

Bundu ni ugali wa muhogo. Kwa Mkonzo bundu ndiyo chakula, vingine vyote ni vitu. Mkonzo anaweza kumaliza kuku mzima na viazi sahani tatu, ukimuuliza kama amekula anakwambia bado, anaelekea nyumbani sasa hivi.

Mgahawa ulipofunguliwa wateja wa kwanza wote waliuliza swali moja: "Bundu iko?"

Baba akaapa. Siku bundu itakapopita mlango huu, akasema, sisi si mgahawa wa Kichina tena, tutakuwa kibanda kama vibanda vyote. Akachukua rangi nyekundu akaandika ukutani HAPA BUNDU HAPANA. Maandishi yapo mpaka leo. Mama alikuwa anasonga bundu yetu kwa jirani, fundi cherehani, tunakwenda kula huko kwa zamu, tunanawa, tunarudi kuuza tambi.

Miaka ishirini na tano tumeishi hivyo, na tulishazoea.

Sasa mje kwenye posa.

Jamaa anaitwa Bwambale, mwalimu wa sekondari, kwao Bwera kule karibu na mpaka wa Kongo. Alikuja kula namba saba, akarudi kesho yake, akarudi tena, mpaka Masika akaniambia huyu haji kwa ajili ya tambi. Mchumba wangu wa kwanza baba alimfukuza kwa sababu alicheka vijiti. Bwambale hakucheka. Alijifunza kuvitumia wiki nzima, akimwaga sosi kwenye shati lake jeupe, na hakulalamika.

Nina miaka thelathini na moja, wakuu. Nilimtaka huyu mtu. Naandika hivyo hivyo, sioni haya.

Siku ikapangwa wazee wao waje kuniomba. Wageni kumi na wawili. Msemaji wao alikuwa Mzee Thembo, katekista wa Nyakiyumbu, mtu wa fimbo, kofia na koti hata kwenye joto la Kasese. Pia alikuja mama mdogo wa Bwambale, mzaliwa wa Butembo, Kongo, mfanyabiashara wa vitenge pale Mpondwe mpakani. Wao wanamwita Tantine Kavira, tantine ni mama mdogo kwa Kifaransa, na Kiswahili chake ni cha Kongo, "ndiyo" kwake ni "njo".

Shida ya kwanza: nani atapika?

Baba ni mwenyeji, lazima akae na wageni. Mama vilevile. Masika anahudumu. Anayebaki ni mimi, ambaye kwa desturi natakiwa kujificha ndani nisionekane mpaka niitwe.

Baba akaamua kwamba jikoni ni kujificha pia.

Kwa hiyo siku ya kuposwa kwangu nilikuwa nimevaa gomesi la hariri, lile vazi la heshima la Uganda, nywele zimesukwa, juu yake aproni, nakaanga. Kati ya jikoni na ukumbi kuna dirisha dogo la kupitishia sahani, na hapo ndipo nilipoiangalia posa yangu yote.

Wageni wakafika saa nane mchana badala ya saa tano, tairi liliwapasukia Kikorongo. Wakasalimiana na wenyeji, wakakaa. Mzee Thembo akasimama na fimbo yake akasema, "Sisi tumetoka mbali na njaa inatuuma. Tukishakula tutasema kilichotuleta."

Baba akafurahi kweli. Akageukia dirisha. "Namba moja mpaka tano, mbele!"

Nikapitisha. Masika akapanga mezani. Wageni wakala, sahani zikarudi nyeupe, hata mchuzi hakuna.

Hapa kuna mambo mawili ambayo siku hiyo hakuna aliyeyajua yote mawili. Mimi nimekuja kuyaunganisha baadaye.

Bwambale, kwa nia njema kabisa, alikuwa amewaambia watu wake kwamba kwa Wachina kuacha chakula sahanini ni tusi kwa mwenye nyumba. Sijui alikitoa wapi hicho kitu.

Na Chen alikuwa amemfundisha baba kwamba mgeni aliyeshiba huacha kidogo. Sahani ikirudi tupu, mgeni bado ana njaa, ongeza haraka kabla hujaaibika.

Mnaona tunakoelekea?

"Namba kumi, mbele! Kumi na moja, kumi na mbili, fuata!"

Zikarudi nyeupe.

Saa tisa na nusu mjomba mmoja alikuwa amelegeza mkanda. Mwingine alikuwa anatafuna amefumba macho, jasho linamtoka, mkono umeshika meza. Bwambale alikuwa na rangi ya majivu lakini anamalizia bakuli la mama yake mdogo kwa siri. Baba anaangalia sahani tupu zinavyorudi na uso unazidi kuingia hofu. Akaja dirishani akaninong'oneza, "Hawa watu kwao hakuna chakula?"

Ilipofika sahani ya kumi na saba nilikuwa nimebakiza samaki watatu na mchicha. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilikuwa nakaribia kufa.

Baba akarudi dirishani, safari hii amekasirika.

"Umeona?"

"Nimeona nini, Baba?"

"Hawajaomba. Wamekula sahani kumi na saba bila kumshukuru Mungu. Na katekista yupo pale mzima! Nitampaje binti yangu kwa watu wa namba hiyo?"

Nikaangalia ukumbini. Mzee Thembo alikuwa ameegemea fimbo, amenuna, anaangalia mlango. Pande zote mbili zilikuwa zimekasirika, na wageni sikuelewa kwa nini.

Hapo hapo Tantine Kavira akaingia jikoni, anatafuta choo. Akanikuta na gomesi langu na mwiko.

"Eeh! Kumbe njo weye bibi arusi? Juu ya nini uko napika?"

"Hakuna mwingine, Tantine."

"Bon. Sikia, mutoto yangu. Bazee beko nakasirika. Tangu saa nane tunangoya chakula."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Tantine, si mmekula sahani kumi na saba?"

"Ile ilikuwa ya kufungua kinywa. Ilikuwa muzuri, merci. Lakini chakula iko wapi?" Akashika tumbo lake kwa mikono miwili. "Tumeshiba, ndiyo. Lakini hatuyakula."

Tumeshiba lakini hatujala. Ikanipiga kichwani, nikakumbuka lile lalamiko la baba.

"Ndiyo maana hamjaomba?"

"Mutu anaombeaka karanga?" Akanishangaa. "Mungu atacheka. Katekisti anangoya bundu ifike njo aombe." Halafu akashusha sauti. "Fanya haraka. Anasema jua ikigusa mulima na chakula haiyafika, njo kusema hamututaki. Anasimama, tunarudia kwetu."

Akaenda zake chooni.

Nikachungulia nje. Kasese jua halizami polepole kama kwingine, mlima unalimeza mapema. Lilikuwa limebakiza vidole viwili.

Nikamwita baba dirishani. Nikamwambia neno kwa neno. Uso ukambadilika, nikaona ameelewa kuhusu maombi. Lakini nilipotaja bundu akawa jiwe.

"Bundu hapana."

"Baba, wataondoka."

"Bundu kila mama anasonga. Kila nyumba kutoka hapa mpaka mpakani wanayo. Mimi nina kitu kimoja tu ambacho hakuna mwingine anacho. Miaka ishirini na tano nimekilinda."

"Na mimi je, Baba? Mimi una wangapi?"

Sijawahi kumjibu baba hivyo maishani. Machozi yalikuwa yananitoka juu ya mchicha. Aliniangalia, akarudi kwenye kiti chake akakaa.

Hakunipa ruhusa, lakini hakunikataza mara ya pili. Nikaona hapo hapo ndipo pa kupitia.

Unga sasa! Fundi cherehani alikuwa amekwenda mazishini, kafunga duka, na unga wetu wote wa bundu ulikuwa kwake. Sokoni nikienda na gomesi hili mji mzima utajua. Nikageuka jikoni kama mtu aliyepoteza funguo.

Ndipo macho yakatua kwenye gunia la wanga wa Kichina.

Wakuu, huo wanga ndio tunaowapaka samaki kabla ya kukaanga, na ndio unaofanya sosi iwe nzito. Zamani ulitoka kambini kwa Chen. Ulipokwisha, baba akawa ananunua unga wa muhogo Nyakiyumbu, anautia kwenye gunia lile lile, na gunia limeandikwa kwa mkono wake WANGA WA KICHINA. Nilikuwa najua. Nilikuwa naupakua kwa mkono wangu kila siku ya Mungu. Na haijawahi kunipitia akilini kwamba huu ni unga wa bundu, kwa sababu gunia limesema ni wa Kichina.

Nikabandika karai kubwa la Chen, maji yakachemka, nikamwaga unga nikaanza kusonga. Bundu ya watu kumi na wawili si mchezo. Nililishusha lile karai chini, nikalizungushia matambara nikalibana kwa magoti, gomesi limekunjwa mpaka mapajani, unga mpaka kwenye nyusi. Huku Masika anakaanga wale samaki watatu, anapanga mchicha.

"Jua?" nikamuuliza.

"Linagusa."

Nikaifinyanga ikawa mviringo mmoja mkubwa, nikaiweka kwenye sinia. Masika akabeba, akasukuma mlango kwa kiuno. Mimi nikakimbilia dirishani.

Mzee Thembo alikuwa tayari amesimama. Koti limefungwa vifungo, fimbo mkononi, wenzake wanajikongoja kuinuka mmoja mmoja na matumbo yao. Bwambale ameinamisha kichwa, na mama yangu ameziba mdomo kwa mkono.

Sinia likatua mezani.

Hakuna mtu Kasese asiyejua harufu ya bundu ya moto. Wageni wote wakaliangalia sinia. Halafu wakaangalia ukutani, kwenye yale maandishi mekundu, herufi kubwa kama ndoo. Halafu wakamwangalia baba.

Baba naye akaiangalia bundu. Akasimama, nikasema basi, anaitupa nje, na mimi nimekwisha.

Akavuta shati lake likanyooka. Akabana visigino.

"Wageni wetu," akasema kwa sauti ya gwaride, "hii ni namba arobaini na moja."



Mzee Thembo akaiangalia bundu. Akasoma ukuta tena, taratibu, midomo inacheza. Akamwangalia baba usoni kwa muda mrefu.

"Arobaini na moja," akasema. "Ni ya Kichina?"

"Ya Kichina kabisa."

"Basi tunawe mikono."

Wakakaa! Masika akapitisha maji. Na Mzee Thembo, kabla hajagusa chochote, akavua kofia akaomba. Aliomba, wakuu. Alishukuru kwa safari, kwa tairi, kwa aliyetuazima jeki, kwa wenye nyumba, kwa mikono iliyopika, na kwa ndugu zetu Wachina popote walipo. Baba alisema amina kwa sauti kuliko wote.

Halafu wale watu ambao dakika mbili zilizopita hawakuweza kuinama wakala bundu yote. Sijui waliiweka wapi, naapa.

Mzee Thembo akajifuta, akashushia maji, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. "Sasa tumekula," akasema. "Tumekuja kuomba binti."

Mbuzi wakazungumzwa na wakapatikana, idadi tuachie wazee. Nikaitwa, nikatoka na unga mpaka viwikoni, aproni nimeisahau. Wanawake wakapiga vigelegele. Tantine Kavira akawa anawaonyesha wenzake, "Njo ye alipika yote! Na bundu pia!" Baba akamsahihisha hapo hapo: "Arobaini na moja."

Wageni wakaondoka kukiwa bado kuna mwanga. Nikarudi jikoni kusafisha.

Baba akaja. Akasimama mlangoni.

"Arobaini na moja imebaki?"

Ilikuwa imebaki ukoko tu. Akakwangua kwa vidole, akala amesimama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akila bundu ndani ya jengo lile.

"Chen alikuwa anakuja kwetu Jumapili," akasema. "Mama yako anamsongea bundu, anamaliza yote, anashukuru. Jioni nikirudi kambini namkuta amekaa peke yake anachemsha tambi zake. Niliona ni dharau. Siku moja nikamfokea mbele ya watu."

"Akasemaje?"

"Akanisogezea bakuli lake. Nikakataa."

Akaendelea kukwangua karai mpaka likabaki chuma.

Basi wakuu, nimeolewa. Sasa naishi Bwera, siku za kazi nakwenda Kasese kupika. Namba arobaini na moja inatoka kuliko zote, watu wanaila wamekaa chini ya maandishi yanayosema haipo, na ukimwambia baba ayafute atakuuliza unataka kuuza nini wewe.

Nilichojifunza ni kimoja. Mgeni usimhesabie sahani. Muulize kwanza yeye akisema chakula anamaanisha nini, hata kama kuuliza kunakuonyesha hujui. Tulikuwa pande mbili za watu wema, kila mmoja anamheshimu mwenzake mpaka tukakaribia kuachana.

Haya, jamvi ni lenu, hata wa kunicheka karibuni. Ila mkipita mniachie jibu la hili: kwenu ni kitu gani kisipokuwepo mezani, mtu ameshiba lakini hajala? Wa Bukoba najua mtasema ndizi. Kaeni kwanza, waanze wengine.